Steringi ni Nani? Filamu za Kuundwa kwa Vikosi vya Mashujaa na Safari ya Video katika Kanda ya Kati

Filamu ya kuundwa kwa kikosi cha mashujaa ina umbo ambalo mtazamaji akilijua mara moja halimpotei tena. Kuna adui anayemzidi nguvu mtu mmoja. Kuna mzee, kamanda au tajiri anayezunguka kuwatafuta wenye uwezo, mmoja huku, mwingine kule. Wanaopatikana hawapatani. Wanagombana, wanapigwa, wanatawanyika. Kisha jambo fulani, mara nyingi kifo, linawarudisha pamoja, na vita ya mwisho inapiganwa bega kwa bega. Filamu za namna hiyo huisha pale ambapo hadithi nyingine za vita zingeanzia, yaani kikosi kikiwa tayari.

Umbo hilo ni la zamani kuliko mavazi ya kubana na majoho yanayopepea. Mwaka 1954 Akira Kurosawa wa Japani alitengeneza Seven Samurai, kisa cha wanakijiji maskini wanaokodi wapiganaji saba ili walinde mavuno yao dhidi ya majambazi. Wamarekani waliichukua hadithi hiyo mwaka 1960 wakaiita The Magnificent Seven, panga zikawa bastola. Mwaka 1975 India ikatoa Sholay, ambamo ofisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono anawakodi wahalifu wawili, Jai na Veeru, wamkamatie jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakuwahi kulisikia jina la Kurosawa waliijua Sholay mwanzo hadi mwisho, nyimbo zake zikiwemo.

Shujaa wa Kiswahili mwenyewe alikuwa mpweke. Fumo Liyongo alikuwa na nguvu zisizo za kawaida na sehemu moja tu ya udhaifu, kitovu, ambako sindano ya shaba iliweza kumuua; na aliyeitumia sindano hiyo ni mwanawe. Mwandishi wa vitabu vya katuni wa New York angemtambua Liyongo mara moja, nguvu zake na udhaifu wake vyote viwili. Kitu ambacho Liyongo hakuwa nacho ni wenzake.

Wenzake hao, katika sura inayojulikana leo duniani kote, walitoka kwenye meza ya watu wawili, Stan Lee na Jack Kirby wa kampuni ya Marvel. Toleo la kwanza la Fantastic Four lilibeba tarehe ya Novemba 1961: watu wanne wa familia na urafiki mmoja wanaopigwa na mionzi ya angani na kurudi duniani wamebadilika. The Avengers ilifuata kwa tarehe ya Septemba 1963, ikiwa na kikosi cha watu watano: Iron Man, Thor, Hulk, Ant-Man na Wasp. Captain America, ambaye leo wengi humdhani mwanzilishi, aliingia toleo la nne tu. Ilipofika filamu ya mwaka 2012 iliyoongozwa na Joss Whedon, kikosi kilikuwa cha watu sita: Ant-Man na Wasp wameachwa nje, Captain America, Black Widow na Hawkeye wameingia.

The Avengers ndiyo mfano wa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ilijaribu jambo ambalo halikuwa limezoeleka. Nick Fury, mkuu wa shirika la siri, anawakusanya mashujaa baada ya adui wao Loki kuiba mchemraba wa nguvu uitwao Tesseract. Mashujaa wenyewe walikuwa wametambulishwa katika filamu tano zilizotangulia kati ya 2008 na 2011: mbili za Iron Man, moja ya Hulk, moja ya Thor na moja ya Captain America. Filamu ya kikosi, kwa hiyo, ilimtaka mtazamaji aje akiwa amekwishasoma. Kwa nusu nzima watu hawa wanakwaruzana ndani ya meli ya angani. Kinachowaunganisha ni kifo cha ofisa wa kawaida, Phil Coulson, asiye na nguvu yoyote ya ajabu, aliyekuwa akikusanya kadi zenye picha ya Captain America. Fury anazitupa mezani kadi hizo zikiwa na damu, na hapo ugomvi unakoma. Ni ujanja wa mwandishi, na Fury mwenyewe anaujua kuwa ni ujanja. Lakini unafanya kazi. Filamu hiyo ya dakika 143 iligharimu karibu dola milioni 220 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.5 katika majumba ya sinema.

Onyesho lake la kwanza lilifanyika Los Angeles tarehe 11 Aprili 2012. Siku moja kabla, Tanzania ilikuwa imemzika Steven Kanumba makaburi ya Kinondoni. Mwigizaji huyo alifariki tarehe 7 Aprili, na sura yake ilikuwa kwenye majalada ya diski katika karibu kila duka la filamu nchini. Kwa wauzaji wa diski wa Dodoma, kama wa kwingineko, habari ya mwezi ule ilikuwa Kanumba. Kikosi cha Fury kingefika baadaye, na kingefika kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni video. Katika Kanda ya Kati, yaani Dodoma na Singida na nchi kavu ya uwanda inayozizunguka, filamu za mashujaa hazikuwa kwanza sinema na baadaye video, kama zilivyo katika vitabu vya historia ya filamu vilivyoandikwa Marekani. Kumbi za kisasa zilizopokea filamu mpya za Marekani zilikuwa Dar es Salaam na Arusha. Kwa mkazi wa Manyoni au Kondoa, toleo la video ndilo lililokuwa filamu yenyewe.

Video nayo ina tabia zake, na kuna filamu moja inayozionyesha kuliko zote. Mwishoni mwa 1992 mtayarishaji Mjerumani Bernd Eichinger alikuwa akikaribia kupoteza haki ya kuitengeneza Fantastic Four, iliyokuwa inakwisha muda tarehe 31 Desemba mwaka huo. Ili asiipoteze alishirikiana na Roger Corman, bingwa wa filamu za bei ndogo, wakaanza kupiga picha kwa bajeti ya kama dola milioni moja. Mwongozaji alikuwa Oley Sassone. Waigizaji walijituma na kuitangaza filamu wakitarajia onyesho la Januari 1994. Onyesho likafutwa, na filamu haikutolewa rasmi, si ukumbini wala kwenye mkanda. Hata hivyo ilitazamwa, na bado inatazamwa, kwa sababu nakala ilivuja na kuanza kurudufiwa mkanda hadi mkanda. Filamu ya kwanza ya kuundwa kwa kikosi cha Marvel, basi, iliishi kwa nakala za wizi peke yake. Anayewalaumu wachuuzi wa diski za wizi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na zipo sababu za kuwalaumu, aikumbuke pia habari hiyo.

Upande wa teknolojia unaweza kupitwa haraka. Mkanda wa VHS uliingia sokoni Japani mwaka 1976, VCD mwanzoni mwa miaka ya 1990, DVD mwaka 1996. VCD, ambayo Ulaya na Marekani hawakuijali, ilitawala Asia na Afrika Mashariki kwa kuwa ilikuwa rahisi kurudufu. Udhaifu wake ulikuwa muda: diski moja ilibeba dakika 74 hivi. Filamu ya dakika 143 ilihitaji diski mbili, na katikati yake mtu alilazimika kunyanyuka kubadilisha. Kibandani, mapumziko hayo yalikuwa nafasi ya kuuza karanga.

DVD ilikuja na mipaka. Makampuni makubwa ya filamu yaliigawa dunia katika kanda za namba ili diski ya nchi moja isicheze kwenye mashine ya nchi nyingine. Marekani ikawa kanda ya 1. Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini kanda ya 2. Sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, ikatupwa kanda ya 5 pamoja na Urusi na India. Kwa karatasi, diski iliyonunuliwa Dubai na mfanyabiashara wa Kitanzania haikupaswa kuonekana Dodoma. Lakini deki za bei nafuu zilizojaa madukani zilisoma kanda zote, na mipaka iliyochorwa na wanasheria ikabaki kwenye majalada tu.

Toleo rasmi la video la The Avengers lilitoka Marekani tarehe 25 Septemba 2012, siku 144 baada ya filamu kuingia kumbini huko. Pamoja nalo ilitangazwa seti ya diski kumi yenye filamu zote sita, iliyofungwa ndani ya sanduku la mfano wa lile linalobebwa na Fury. Kampuni ya Kijerumani ya Rimowa, watengenezaji wa masanduku ya safari, ikashitaki kwamba sanduku hilo limeiga lake, na seti ikacheleweshwa hadi Aprili 2013 ikiwa kwenye kasha jingine. Wakati wanasheria wakibishana juu ya kasha, soko la Afrika Mashariki lilikuwa na namna yake ya kukusanya. Diski moja ya mkusanyiko, iliyobanwa mno, ilibeba filamu sita, kumi au zaidi, na jalada lake lilijaa vichwa vidogo vya waigizaji kama picha ya darasa. Picha ilikuwa na ukungu na sauti ilitangulia midomo. Bei ilikuwa ya diski moja.

Kilichowezesha soko hilo ni historia ya pekee ya Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Milango ya biashara ilikuwa imelegezwa tangu katikati ya miaka ya 1980, na deki za video zikaingia kabla ya televisheni kuwa na cha kuonyesha. Ndiyo maana kwa watu wengi wa Bara skrini ya kwanza kabisa ilikuwa ya mkanda. Neno lenyewe linashuhudia: mpaka leo wapo wazee wanaosema wameangalia mkanda, ingawa kilichochezwa ni faili lililotoka kwenye flashi.

Safari ya diski kutoka Kariakoo hadi Dodoma ni ya kilomita zipatazo 450, kupitia Morogoro, Gairo na Kibaigwa. Ilisafiri kwa basi, ndani ya mfuko au kwenye boksi chini ya kiti, kisha ikagawanyika: nyingine ikabaki mjini kwa wenye maduka, nyingine ikaendelea Manyoni na Singida, nyingine ikaelekea Kondoa. Sehemu yake iliishia kwenye turubai za minadani, ikitandazwa kando ya mitumba na sufuria. Hata Msalato, Dodoma, siku ya Jumamosi, mahali watu wanapopajua zaidi kwa nyama choma, mnada ni mnada: kila kinachouzika huletwa.

Basi lenyewe nalo lilikuwa ukumbi. Mabasi ya mikoani yamezoea kuwa na skrini juu ya dereva, na kondakta ndiye mwenye kuchagua picha. Ni ukumbi wa ajabu kidogo. Abiria wa Gairo hushuka kikosi kikiwa bado kinagombana, na abiria wa Kibaigwa hupanda jiji likiwa tayari linabomolewa. Kila mmoja hulazimika kuuliza jirani.

Ukumbi hasa, hata hivyo, ulikuwa banda la video, au kwa jina la mtaani kibanda umiza. Kuta zake ni za mabati, mbao au magunia. Mabenchi hayana egemeo. Mlango una pazia jeusi la kuzuia mwanga. Nje kuna ubao wa chaki wenye majina ya picha za siku hiyo, yaliyoandikwa kama yanavyotamkwa. Pasipokuwa na umeme wa gridi palikuwa na jenereta, na mngurumo wake ukawa sehemu ya sauti ya kila filamu. Kwenye joto la saa nane mchana la uwanda wa kati, jina la kibanda umiza halihitaji maelezo. Siku za mechi kubwa za Ulaya mashujaa walisubiri. Kibanda hicho hicho kiligeuka uwanja wa mpira.

Humo ndimo lilimozaliwa swali ambalo filamu ya kikosi hulijibu vibaya. Katika lugha ya vibanda, kila picha ina watu wawili wa lazima: steringi na adui. Adui anaweza kuwa na jeshi, steringi anaweza kuwa na rafiki, lakini steringi ni mmoja, na steringi hauawi. Kanuni hii ina nguvu ya sheria. Anayeingia kachelewa haulizi picha inahusu nini. Anauliza steringi ni nani. Akishaonyeshwa, ameelewa nusu ya hadithi, maana anajua nani atapigwa mwanzoni na nani atabaki amesimama mwishoni.

Picha yenye watu sita kwenye jalada inaivuruga kanuni hiyo. Ikiwa steringi ni mwenye ngao, kwa nini mwenye chuma anapata maneno mengi zaidi? Ikiwa ni mwenye chuma, mbona aliyemtandika adui chini kama kitambaa ni lile jitu la kijani? Ubishi huo haukuwa upuuzi wa watoto. Ndio uhakiki wa filamu katika umbo lake la kwanza, kwa kuwa unagusa tatizo ambalo Whedon mwenyewe alipaswa kulitatua alipoandika: namna ya kugawa dakika 143 kwa watu sita bila mmoja kuwa mpambe wa mwingine. Alilitatua kwa kumpa kila mmoja ushindi wake mdogo. Mabenchi ya kibanda yalilitatua kwa kugawana: kila mtazamaji alijichagulia steringi wake.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Filamu iliyomtaka mtazamaji awe amekwishaona filamu tano ilifika mahali ambako hizo tano hazikufika kwa mpangilio. Diski hazikuja kwa tarehe zake. Mtu aliweza kumwona Thor akiwa kikosini leo na kujua baada ya mwaka alivyofukuzwa kwao. Aliweza asijue kabisa kwamba Captain America alilala kwenye barafu tangu vita vya pili vya dunia, na bila kujua hilo, maneno yake yote ni ya mtu aliyechanganyikiwa. Kiingereza kilikuwa kizuizi kingine juu ya hicho. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya watengenezaji: mtafsiri.

Ufundi wa kusimulia filamu kwa sauti una mizizi mirefu katika nchi hii. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa kikoloni wa filamu za elimu, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki, maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji kupitia vipaza sauti. Lengo lilikuwa kuwafundisha watu kilimo bora, afya na kulipa kodi. Kilichobaki ni mazoea ya picha kuwa na msemaji. Watafsiri wa zama za video waliyachukua mazoea hayo wakayapeleka kwa Bruce Lee, Rambo na Amitabh Bachchan. Mashuhuri wao Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, Kapteni Lufufu kwa jina la kazi, na baada yake King Rich. Kenya ikawa na DJ Afro, Uganda ikawa na VJ Jingo na wenzake. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeitafiti kazi ya watafsiri wa Dar es Salaam, ameifananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Mlinganisho huo unafaa, kwa sababu pilau hailiwi kama wali uliopungukiwa kitu.

Mtafsiri hufanya kazi tatu kwa pumzi moja. Hutafsiri maneno ya wahusika, mara nyingi kwa kuyafupisha. Hueleza yasiyosemwa: huyu ni nani, yule anatoka wapi, kwa nini wanachukiana. Na huongeza ya kwake, utani, methali, majina ya mitaa, hata salamu kwa wenye mabanda. Katika picha ya kawaida kazi ya tatu ndiyo inayompa jina. Katika picha ya kikosi, ya pili ndiyo inayoiokoa. Kila shujaa anapotokea mara ya kwanza mtafsiri huwa na sekunde chache za kumwambia mtazamaji historia nzima ya filamu ambayo huenda hakuiona: huyu ni mwana wa mfalme wa mbinguni aliyegombana na ndugu yake, huyu ni msomi, lakini ole wako umkasirishe. Majina ya Kiingereza huwa mazito mdomoni, na Kiswahili cha mtaani kina dawa yake ya siku zote: mzee wa nyundo, mzee wa ngao, mzee wa mishale.

Kwa namna hii kikosi kiliundwa mara mbili. Mara ya kwanza kiliundwa studio, kwa filamu tano, miaka minne na mamia ya mamilioni ya dola. Mara ya pili kiliundwa kibandani, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Toleo la pili halikuwa duni kwa kila kitu. Filamu ya Whedon haijitoshelezi. Iliyosimuliwa vizuri inajitosheleza, maana chimbuko la kila mmoja limetiwa humo humo. Kasoro yake inajulikana pia: mtafsiri mvivu hubuni asichokielewa, na kuna picha ambazo watu waliziona kwa Kiswahili na baadaye wakagundua kwamba waliangalia hadithi nyingine kabisa.

Jambo la ajabu ni kwamba tafsiri nzuri ya jina la filamu hiyo ilikuwapo tayari kwenye rafu za vitabu. Mtunzi wa riwaya za upelelezi Aristablus Elvis Musiba, baba wa mpelelezi Willy Gamba, ana riwaya iitwayo Kikosi cha Kisasi. Hakuwa akifikiria Marvel. Lakini mtu akiambiwa aandike Avengers kwa Kiswahili kwenye ubao wa chaki, hapati maneno bora kuliko hayo matatu.

Afrika Mashariki nayo haikubaki kutazama tu. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, anayejulikana kama Nabwana I.G.G., alitengeneza Who Killed Captain Alex? katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, kwa fedha ambazo studio ya Hollywood isingeweza kununulia chakula cha mchana cha wafanyakazi wake. Kikosi maalumu cha jeshi kinapambana na genge liitwalo Tiger Mafia. Diski zilichomwa nyumbani na kuuzwa kwa mkono, waigizaji wenyewe wakiwa wachuuzi. Mwaka 2015 filamu iliwekwa YouTube na kuonwa na mamilioni. Katika filamu hiyo kanuni ya kibanda inavunjwa bila huruma: steringi, Kapteni Alex mwenyewe, anauawa mapema, na filamu inaisha bila kujibu swali la jina lake. Sauti ya mtafsiri, VJ Emmie, haikuongezwa sokoni na mtu wa kando. Ni kiungo cha filamu, na watazamaji wa nchi za mbali wanaoicheka na kuipenda wanamsikia yeye kuliko wanavyowasikia waigizaji.

Kenya ilijibu kwa utulivu zaidi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018 na kuonyeshwa tamasha la Berlin, ni hadithi ya Jo, mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona anayeota kuwa shujaa wa sinema. Dada yake anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, kisha kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu. Miongoni mwao yumo Mike, mwendesha video wa kijijini. Mkusanyaji yupo, ugomvi upo, kifo kipo, na kikosi kinapatikana. Ila kikosi ni kijiji, na adui ni kitu kisichopigika. Kati ya filamu zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo iliyoelewa vizuri zaidi kwa nini watu hukaa kwenye benchi gumu kutazama mashujaa.

Serikali ya Tanzania iliitazama biashara ya vibanda na diski kwa macho mawili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 iliweka utaratibu wa vibali na ukaguzi, na kuipa Bodi ya Filamu kazi ya kupanga picha kwa umri wa watazamaji. Kibanda kilichojaa watoto wa shule saa nne asubuhi kilikuwa kinavunja sheria hiyo kwa namna zaidi ya moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ikaanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo. Kuanzia 2013 Mamlaka ya Mapato ilitaka diski za filamu na muziki zibandikwe stempu za kodi. Stempu iliwabana zaidi wenye majina na anwani, yaani watengenezaji wa ndani, kuliko diski za mkusanyiko zisizo na mwenyewe. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa bila kulipiwa. Hoja yao ilikuwa ya haki: hakuna anayeweza kushindana na kitu ambacho mwuzaji hakukigharamia. Lakini walipigana vita hiyo wakati uwanja unahama, kwa kuwa diski yenyewe ilikuwa inakufa.

Kilichoiua si sheria. Mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dodoma mwanzoni mwa 2013, na ving'amuzi vikaingia majumbani. Azam TV ikazoesha watazamaji tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, kazi ya studio yenye waigizaji wa sauti wengi, tofauti kabisa na msemaji mmoja wa kibandani. Umeme wa vijijini ulipunguza haja ya jenereta ya jirani. Maduka ya diski yakageuka maktaba za muvi: kijana mwenye kompyuta, orodha iliyobandikwa ukutani, na mteja anayekuja na flashi ijazwe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, aliyeingia mwaka wa kwanza na deki, mdogo wake aliingia na simu. Filamu zote za kikosi cha Avengers sasa zinaingia kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba, kwa mpangilio wake sahihi, zenye tafsiri au zisizo nayo kwa chaguo la mteja.

Kilichopotea katika mabadiliko hayo ni mikanda na diski za watafsiri wa awali. Filamu za Hollywood zina ghala zake, na The Avengers haitapotea kamwe. Sauti iliyoisimulia haina ghala. Mkanda wa sumaku huharibika kwa joto na vumbi, na uwanda wa kati una vyote viwili kwa wingi. Diski ya kuchoma nayo hufifia. Wakaliga wanajua hasara hiyo. Nabwana aliifuta filamu yake kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine, na nakala ya Kapteni Alex isiyo na sauti ya VJ Emmie haipo tena. Kwa Kanda ya Kati hatari ni ya kinyume chake: picha zitabaki na sauti zitatoweka. Wenye mikanda na diski za kutafsiriwa zilizochezwa kwenye vibanda vya Dodoma, Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa, hata zile zilizokwaruzika, wanaombwa wasizitupe wala kurekodi kitu kingine juu yake kabla hazijanakiliwa.